Kihispania kwa wanaoanza: Kusema 'napenda' na 'sipendi' bila kupitia Kiingereza

Na Mwandishi Wetu, Babati

KWA vijana wa mijini, 'kubonga' ni kuzungumza. Bonga inayohusika katika makala haya ni kata ya Mji wa Babati, mkoani Manyara, iliyoko kusini mwa mji, kando ya barabara iendayo Kondoa hadi Dodoma. Ni eneo ambalo mtu husikia Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi na Kiswahili katika siku moja ya kawaida, bila kuona kwamba ametenda jambo la ajabu.

Ukiifuata barabara hiyo hiyo upande wa kaskazini, kuelekea Arusha, utafika Kwakuchinja, iliko njia ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1970 na inasifika kwa makundi ya tembo na kwa mibuyu yake. Miongoni mwa wageni wanaokwenda huko wamo wanaozungumza Kihispania, wawe wametoka Hispania yenyewe, Mexico, Argentina au Colombia.

Kijana wa Bonga anayetaka kazi ya kuongoza wageni, kuendesha gari la watalii au kupika kambini hujikuta mbele ya swali moja: ataijifunza wapi lugha ya watu hao? Vitabu vingi vinavyopatikana vimeandikwa kwa Kiingereza, na yule ambaye Kiingereza kilimshinda sekondari huona kwamba mlango umefungwa kabla hajaugusa.

Makala haya yanalenga kuonesha kwamba, angalau katika jambo moja la msingi, mlango huo uko wazi. Jambo lenyewe ni kueleza unachokipenda na usichokipenda. Hapo ndipo Mwingereza anayejifunza Kihispania huhangaika, na hapo ndipo mzungumzaji wa Kiswahili ana nafuu kubwa asiyoitambua.

Lugha yenyewe

Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, moja ikiwa ya Afrika, nayo ni Guinea ya Ikweta. Kwa mujibu wa Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya Hispania inayosimamia ufundishaji wa lugha hiyo duniani, watu wanaoizungumza kama lugha ya kwanza ni takriban milioni 500.

Kwa Watanzania, si lugha ngeni kabisa. Fidel Castro wa Cuba alizuru nchi hii Machi 1977. Katika miaka ya karibuni, mashabiki wa soka wamewaona makocha wanaokizungumza: Pablo Franco kutoka Hispania aliifundisha Simba kuanzia mwaka 2021 hadi 2022, na Miguel Gamondi wa Argentina akaifundisha Yanga kati ya mwaka 2023 na 2024. Hata katika vibanda vya kuoneshea mpira, majina ya wachezaji wa Real Madrid na Barcelona hutamkwa kila wiki.

Matamshi yasikutishe

Habari njema ya kwanza ni kwamba Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o na u, nazo zinatamkwa karibu sawa na za Kiswahili. Neno 'gusta' linasomwa kama lilivyoandikwa.

Habari njema ya pili inahusu mkazo. Katika Kiswahili, mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, cha-KU-la. Katika Kihispania, neno linaloishia kwa irabu, au kwa herufi n au s, kwa kawaida hufuata kanuni hiyo hiyo: GUS-ta, co-MI-da, e-le-FAN-tes. Likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo huhamia mwisho, kama 'na-DAR', yaani kuogelea. Panapokuwa na alama juu ya irabu, kama katika 'café', mkazo huwa hapo.

Konsonanti chache zinahitaji kuangaliwa. Herufi h haitamkwi kabisa. Herufi j hutamkwa kama kh ya 'kheri'. Herufi ñ ni ny yetu, ll husikika kwa wengi kama y, na 'qu' ni k. Herufi v hutamkwa kama b.

Siri iko kwenye 'kichwa kinaniuma'

Mtanzania mwenye maumivu ya kichwa hasemi kwamba yeye 'anauma kichwa'. Husema, 'Kichwa kinaniuma.' Katika sentensi hiyo kichwa ndicho kinachotenda, na mtu mwenyewe amekuwa silabi ndogo tu, '-ni-', iliyofichwa katikati ya kitenzi.

Mhispania husema vivyo hivyo: 'Me duele la cabeza.' Neno 'me' ndilo '-ni-' yetu, 'duele' ni kitendo cha kuuma, na 'la cabeza' ni kichwa.

Sasa chukua mpangilio huo uupeleke kwenye kupenda. Kihispania, kinapozungumzia kupenda chakula, mahali au shughuli, kwa kawaida hakisemi 'mimi napenda kitu'. Kinasema 'kitu kinanipendeza'. Kitenzi kinachotumika ni 'gustar', na maana yake iliyo karibu zaidi kwa Kiswahili ni kupendeza, si kupenda.

'Me gusta la comida' ni 'chakula kinanipendeza'. 'Me gusta el lago' ni 'ziwa linanipendeza', maneno ambayo mgeni anaweza kuyasema akiwa kando ya Ziwa Babati akitazama viboko.

Ni kweli kwamba siku hizi neno 'kupendeza' hutumika zaidi kusifia mavazi na sura. Hata hivyo, hakuna Mswahili asiyeelewa 'jambo hili halinipendezi'. Muundo huo umo vinywani mwetu tangu utotoni. Anayejifunza kwa Kiingereza hulazimika kwanza kuipindua sentensi yake, jambo ambalo humchukua muda mrefu. Wewe huna cha kupindua.

Nani anapendezwa?

Kama Kiswahili kinavyobadili '-ni-' kuwa '-ku-' au '-m-', ndivyo Kihispania kinavyobadili neno dogo linalotangulia kitenzi. Kwa mfano wa chakula:

Me gusta – kinanipendeza
Te gusta – kinakupendeza
Le gusta – kinampendeza
Nos gusta – kinatupendeza
Os gusta – kinawapendeza (ninyi)
Les gusta – kinawapendeza (wao)

Ziko tahadhari mbili. Kwanza, 'le' hutumika pia kwa mtu unayezungumza naye kwa heshima, yaani mtu ambaye kwetu ungemwamkia 'shikamoo' au kumwita 'mzee' au 'mama'. Kwa hiyo mgeni mtu mzima usimwulize '¿Te gusta?', bali '¿Le gusta?'. Wahispania wengi wataona upesi kwamba hawahitaji heshima hiyo na watakuambia utumie 'te', lakini wakuambie wao.

Pili, 'os' ni ya Hispania. Katika Amerika ya Kilatini 'ninyi' wote husemwa kwa 'les'. Ukiwa na kundi usilolijua limetoka wapi, 'les' haitakuangusha: '¿Les gusta el té?', yaani, 'Chai inawapendeza?'

Ukitaka kumtaja mtu kwa jina, weka 'a' mbele ya jina hilo, lakini neno dogo libaki palepale: 'A Juma le gusta la carne.' Na hapa tena Kiswahili kinakubeba. Tunasema, 'Juma nyama inampendeza.' Japokuwa Juma amekwisha kutajwa, '-m-' haiondoki. Vivyo hivyo, 'le' haiondoki.

Ukitaka kusisitiza kwamba ni wewe na si mwingine, anza na 'a mí': 'A mí me gusta el café', yaani, 'Mimi, kahawa inanipendeza.'

Kimoja au vingi

Kwa kuwa kitu ndicho kinachotenda, kitenzi hufuata idadi ya kitu. Kikiwa kimoja ni 'gusta', vikiwa vingi ni 'gustan'. Sisi husema kichwa 'kinaniuma' lakini vidole 'vinaniuma', na hakuna anayekosea.

'Me gusta el arroz' ni 'wali unanipendeza', na anayepita Magugu, kunakolimwa mpunga unaojulikana, atakuwa na sababu ya kulisema. 'Me gustan los frijoles' ni 'maharage yananipendeza'. 'Me gustan los elefantes' ni 'tembo wananipendeza'.

Angalia pia vijineno 'el', 'la', 'los' na 'las'. Havitupwi. Kusema 'me gusta café' ni kosa. Sema 'me gusta el café'. Vijineno hivyo hutegemea jinsia ya nomino, kwani Kihispania hugawa nomino zake katika makundi mawili, ya kiume na ya kike. Mtu aliyezoea ngeli za Kiswahili, zenye M-WA, KI-VI, JI-MA na nyinginezo, hana haja ya kuogopa makundi mawili.

Kupenda kufanya jambo

Kinachokupendeza kikiwa ni tendo, kitenzi cha pili hubaki katika umbo lake la kamusi. 'Me gusta nadar' ni 'kuogelea kunanipendeza'. 'Me gusta viajar' ni 'kusafiri kunanipendeza'. Hata matendo yakiwa mawili, 'gusta' haibadiliki: 'Me gusta cantar y bailar', kuimba na kucheza ngoma kunanipendeza.

Kwa kuomba au kutamani kwa adabu, tumia 'me gustaría', ambayo ni 'ningependa'. Swali moja ambalo kila mwongoza wageni anapaswa kulijua kwa moyo ni '¿Qué le gustaría ver hoy?', yaani, 'Ungependa kuona nini leo?'

Kupima kiasi

Kupenda kuna ngazi zake. Kutoka juu kwenda chini, ziko hivi:

Me encanta – kinanipendeza mno
Me gusta mucho – kinanipendeza sana
Me gusta – kinanipendeza
No me gusta mucho – hakinipendezi sana
No me gusta – hakinipendezi
No me gusta nada – hakinipendezi hata kidogo

'Encantar' hufuata kanuni zote za 'gustar': 'Me encanta el parque', 'Me encantan los leones'. Hailazimu kuongezewa 'mucho', kwa kuwa 'sana' imo ndani yake tayari.

Ukanushaji ni rahisi. Neno 'no' hukaa mwanzoni, kabla ya 'me', kama 'ha-' yetu inavyotangulia katika 'hakinipendezi'.

Vipo vitenzi vingine vya mpangilio huo vinavyofaa barabarani na kambini. 'Me molesta el polvo' ni 'vumbi linanikera'. 'Me aburre' ni 'kinanichosha', kwa maana ya kutosisimua. 'Me dan miedo las serpientes' ni 'nyoka wananitia hofu'. Kinyume chake, 'odio' na 'detesto', yaani nachukia, hufuata mpangilio wa kawaida wa 'mimi natenda'. Ni maneno mazito na anayeanza ayatumie kwa uangalifu.

Kukubaliana na kutofautiana

Mwenzako akisema 'Me gusta el té' na wewe ukawa hivyo hivyo, jibu ni 'A mí también', yaani, 'Mimi pia.' Usijibu 'Yo también', kwa kuwa 'yo' ni 'mimi' anayetenda, na hapa wewe si mtenda.

Akisema 'No me gusta el té' nawe hukipendi, jibu ni 'A mí tampoco', 'Mimi pia sipendi.' Mkipishana, yeye hapendi nawe unapenda, sema 'A mí sí'. Yeye anapenda nawe hupendi, sema 'A mí no'.

'Hapana' inayopotosha

Hapa ndipo makosa huweza kugharimu. Kwa Kiswahili, mtu akiulizwa 'Hupendi pilipili?' naye kweli haipendi, wengi wetu hujibu, 'Ndiyo, sipendi.' Tunalikubali swali kama lilivyoulizwa. Mhispania akiulizwa '¿No le gusta el picante?' naye hapendi vyakula vikali, atajibu 'No'. Mpishi anayefikiri kwa Kiswahili anaweza kudhani kwamba mgeni amekanusha swali, kwamba kumbe pilipili anaipenda, na akaiongeza.

Dawa ni kutouliza kwa kukanusha. Uliza '¿Le gusta el picante?'. Akisema 'Sí', anapenda. Akisema 'No', hapendi.

Jambo la pili ni adabu. Katika nyumba nyingi za kwetu, mgeni hatamki kwamba chakula hakimpendezi. Husema 'Nimeshiba, asante,' na mwenyeji huelewa. Mgeni mwenye Kihispania anaweza kusema 'No me gusta' bila nia ya kumvunjia mtu heshima. Usiumie, na usiendelee kumjazia sahani. Wewe ukiwa mezani kwao na kitu kikakushinda, maneno laini yapo: 'Prefiero el arroz', 'Nachagua zaidi wali', au 'Gracias, estoy lleno', 'Asante, nimeshiba.' Mwanamke husema 'llena'.

Jambo la tatu ni la usalama. Tofautisha 'hakinipendezi' na 'kinanidhuru'. Mgeni akisema 'Soy alérgico a...' au, akiwa mwanamke, 'Soy alérgica a...', anakuambia kwamba mwili wake haukipokei chakula hicho na kinaweza kumletea madhara makubwa, hata kifo. Karanga ni mfano mzuri, nazo huitwa 'cacahuetes' nchini Hispania, 'cacahuates' nchini Mexico na 'maní' katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini. Katika mboga zetu nyingi karanga husagwa na kuungwa zisionekane. Mpishi anayesikia neno hilo hapaswi kubahatisha, bali asimamishe chakula na aulize upya. Vilevile 'No como carne' ni 'sili nyama', nayo ni kanuni ya mtu, wala haisubiri kushawishiwa.

Usimwambie mgeni 'me gustas'

Kwa watu, 'gustar' hubadilika uzito. 'Me gustas' ni maneno ya mahaba. Kijana anayetaka kumwambia mgeni 'umependeza', akitafsiri kutoka kwenye kupendeza, atajikuta ametongoza bila kukusudia.

Nguo ikimkaa mtu vizuri, sema 'Le queda muy bien', yaani, 'Imekukaa vizuri sana.' Ukitaka kusema kwamba mtu fulani ni mwema na mnaelewana, tumia 'me cae bien'. Kwa ndugu na wapenzi ipo 'te quiero', nakupenda, na iliyo nzito zaidi, 'te amo'. Hizo si za kazini.

Mazungumzo ya zoezi

Yasome kwa sauti, wawili wawili, mkibadilishana nafasi.

Mwongoza wageni: Buenos días, señora. ¿Le gusta el café? (Habari za asubuhi, mama. Kahawa inakupendeza?)

Mgeni: No mucho. Prefiero el té. (Si sana. Nachagua zaidi chai.)

Mwongoza wageni: ¿Con leche? (Yenye maziwa?)

Mgeni: No, gracias. La leche no me gusta nada. (Hapana, asante. Maziwa hayanipendezi hata kidogo.)

Mwongoza wageni: A mí sí. ¿Qué le gustaría ver hoy? (Mimi yananipendeza. Ungependa kuona nini leo?)

Mgeni: Me gustaría ver elefantes. ¡Me encantan! (Ningependa kuona tembo. Wananipendeza mno!)

Atakayeyamudu mazungumzo haya mafupi ameshagusa sehemu kubwa ya kanuni zilizoelezwa. Hatua inayofuata ni kubadili maneno: weka 'la carne' mahali pa 'el café', 'leones' mahali pa 'elefantes', na kadhalika. Sentensi tano kwa siku, zikihusu chakula ulichokula na kazi uliyoifanya kweli, zinafaa kuliko ukurasa mzima wa maneno usiyoyatumia.

Njia fupi kuliko inavyodhaniwa

Hakuna anayedai kwamba sentensi hizi zinamfanya mtu kuwa mwongoza wageni. Yapo mambo ya wanyama, ndege, historia na usalama ambayo hayana njia ya mkato. Aidha, Kihispania kina vitenzi vinavyobadilika kwa namna nyingi, na hivyo vitadai subira.

Lakini mtoto wa Bonga aliyeanza na Kigorowa nyumbani, akaongeza Kiswahili shuleni na Kirangi sokoni, amekwisha kujifunza lugha mara tatu bila kitabu. Akiambiwa kwamba hana kipaji cha lugha kwa sababu tu alianguka mtihani wa Kiingereza, ameambiwa jambo lisilo kweli. Kanuni inayowasumbua wanafunzi wa Uingereza na Marekani wanaoanza Kihispania, yeye huitumia kila anapoamka na kusema kichwa kinamuuma.

Kwa hiyo anayeanza leo aanzie hapo: 'Me duele la cabeza', kisha 'Me gusta el café'. Mpangilio ni ule ule.